R. Ngassa, Mwalimu Ambaye Hakuna Aliyemwona

Kuna mwalimu alikuwa na somo langu, darasa langu na wanafunzi wangu, na chuo kizima hakuna mtu aliyewahi kumwona kwa macho.

Nilimtafuta. Nilimwandikia. Mwishowe nikamtukana.

Siku niliyomkamata, nilikosa pa kuficha uso.

Sogea nikupe mkasa.

Mimi naitwa Luka Ngassa. Kwetu ni Songwa, jirani na mgodi wa almasi, ingawa almasi yenyewe nimeiona kwenye kalenda tu.

Nilisoma Dar es Salaam. Wiki ya kwanza nilisimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi ya kikundi, nikaanza kwa heshima zote: "Habali zenu."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Tangu siku ile mpaka namaliza chuo, jina langu likawa Habali.

Sikununa. Nilinunua kioo nikajifungia chumbani na ulimi wangu. Ratiba. Rangi. Barabara. Morogoro. Kila siku, mpaka ulimi ukanyooka. Nilivyotoka pale, R naitema kama mtangazaji wa redio.

Nikamaliza. Ajira? Wapi!

Nikaishia Katoro, nabeba viroba vya mawe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wachimbaji waliniita Profesa, na wala haikuwa heshima. "Profesa, kiroba hicho hakijitembezi!" Unacheka, unajitwisha.

Nimebeba miaka, ndugu yangu. Halafu siku moja barua ya ajira ikatoka. Mwalimu msaidizi, chuo kimoja pale Shinyanga mjini. Somo: Stadi za Mawasiliano.

Nikumbushe mwisho wa hadithi nikuulize kuhusu hilo jina la somo.

Siku mbili tatu kabla ya kuripoti, nikiwa palepale kwenye vumbi, simu ikaita.

"Mwalimu mpya wa Stadi za Mawasiliano? Salmini hapa, ofisi ya TEHAMA, chuoni. Nakufungulia akaunti ya mfumo, somo lako nakuwekea kabisa humohumo. Nitajie jina."

Nikasimama wima kama vile ananiona. Nikakaza ulimi, nikamtajia jina langu kisomi kabisa. Karasha linanguruma nyuma. Akauliza kitu, sikukisikia vizuri.

"Ndiyo, ndiyo! Hivyohivyo!" nikajibu.

"Haya. Ukifika, unaingia kwa jina la kwanza, nukta, jina la ukoo. Paswedi utaweka mwenyewe. Karibu sana."

Nikakata simu, nikawatazama wale jamaa. "Tafuteni Profesa mwingine."

Nikapanga chumba Ngokolo, palepale mjini. Jumatatu nikapiga pasi shati mbele na nyuma, nikafika chuoni, nikakaa kwenye kompyuta yangu ya kwanza ya ofisi. Nikaandika: luka.ngassa.

*Mtumiaji hatambuliki.*

Nikarudia taratibu.

*Mtumiaji hatambuliki.*

Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikaipangusa vumbi. Nikaibembeleza. Wapi.

Nikaenda ofisi ya TEHAMA. Salmini hayupo, kaenda kwao Kilwa kumuuguza mama yake, simu haipatikani. Nikamkuta dada mmoja, Zuhra, naye mgeni kazini, anaongea na kompyuta kuliko na watu.

"Haumo humu, mwalimu."

"Nimo. Nilitaja jina kwa mdomo wangu."

"Basi labda mfumo umekusahau. Ngoja nikutengeneze upya." Akavuta jina kutoka kwenye faili langu la ajira. "Tayari. Ingia."

Nikaingia! Nikapiga kofi mezani. Halafu ukurasa ukafunguka: *Huna somo lolote.*

"Zuhra, somo langu liko wapi?"

Akatafuta. "Lipo. Lakini lina mwenyewe. Tazama: Mwalimu wa somo, R. Ngassa."

"R. Ngassa ndiyo nani?"

"Mimi naona herufi tu. Ya ndani anayaona Kaka Salmini. Na kumtoa mwalimu kwenye somo lake siwezi, ruhusa hiyo anayo yeye."

Sikushangaa sana. Shinyanga ukirusha jiwe gizani, anayelia anaitwa Ngassa. Ila huyu kakalia somo langu!

Nikaenda kwa mkuu wa idara, Dokta Mwasiti. Mama mmoja hana mchezo.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Sema haraka."

"Somo langu kwenye mfumo lina mtu mwingine. Anaitwa Ngassa."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Ngassa."

"Sasa si ndugu? Kaelewaneni huko kwenye ukoo." Akavua miwani. "Lakini nisikilize, mwalimu. Hapa hatupokei karatasi. Kazi za wanafunzi zinatumwa kwenye mfumo, alama unaziingiza kwenye mfumo. Ikifika Ijumaa ya mwisho ya kuingiza alama, jioni, mfumo unajifunga. Ambaye hana alama haingii chumba cha mtihani. Usije kulia kwangu."

Nikatoka.

Nikaanza msako. Nikamuuliza Ndaki, mwalimu wa ofisi ya jirani.

"R. Ngassa? Yule yuko China, masomoni."

Nikamuuliza katibu muhtasi wa idara. "Si yule mfupi, ana kitambi? Alihamia Geita, mgodini."

Nikamuuliza mlinzi getini. "Anapita hapa na gari nyeupe. Hasalimii."

Kwa hiyo namtafuta mtu mfupi, yuko China, yuko Geita, na kila siku anapita getini.

Nikampigia mama Songwa. "Mama, kwenye ukoo wetu kuna Ngassa jina lake linaanza na R?"

"R ndiyo nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Herufi, mama. Kama kwenye rangi."

"Langi?"

"Rangi."

"Si ndiyo nimesema, langi. Aka, kwetu hatuna mtu wa hivyo. Huyo atakuwa wa pwani."

Nikaona nimwandikie mwenyewe, ndani ya mfumo. Nikaanza kiungwana: "Ndugu Ngassa, habari za kazi. Naomba uniachie somo."

Kimya.

"Ndugu Ngassa, nakukumbusha."

Kimya.

"Bwana Ngassa, sisi sote ni watu wazima."

Kimya cha kaburi.

Huku nyuma nafundisha. Wanafunzi nimewaambia watume kazi kwenye mfumo kama Dokta alivyoagiza, nikijua Salmini atarudi kesho kutwa. Kesho kutwa ikawa wiki. Wiki zikawa wiki. Mimi kila asubuhi nafungua: *Huna somo lolote.* Nikalala naliota hilo neno, limeandikwa kwenye paji la uso wangu.

Wiki ya mwisho, kiongozi wa darasa akasimama. Binti anaitwa Paskazia, kwao Kishapu, mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

Siku hiyo akapandisha.

"Mwalimu, tumekutumia kazi zote. Husemi kitu. Tunakuandikia, hujibu. Darasani unatuchekesha, kwenye mfumo unatununia. Tumekukosea nini?"

"Mimi? Mimi sijapata hata nukta!"

"Mfumo unasema imepokelewa."

"Imepokelewa na nani?"

"Na wewe! Ngassa! Kwani tuna Ngassa mwingine?"

"Ndiyo mnaye!" nikapayuka. "Mtafuteni huyo huyo, amekalia kazi zenu!"

Darasa likaguna. Ukimwona mwalimu anasema kazi zako anazo mtu mwingine wa jina lake, wewe ungemwelewa? Kijana mmoja nyuma akasema, si kwa kunong'ona, "Huyu naye ni tapeli."

Paskazia hakukaa. "Mimi mwaka huu narudia, mwalimu. Nisipoingia mtihani huu, chuo ndiyo kwaheri. Hilo unalijua?"

Nilikuwa sijui.

Nikatoka pale naona mbele kwa shida. Nikakaa kwenye kompyuta nikamwandikia R. Ngassa barua yangu ya mwisho. Ile Habali niliyoimeza Dar, vile viroba vya Katoro, vyote nikamtapikia yeye. Mstari wa mwisho ulisema hivi: "Wewe ni mwizi wa vyeo na adui wa watoto wa maskini, na nikikuona getini na hiyo gari yako nyeupe, tutaelewana kichimbaji."

Nikabonyeza tuma. Roho ikatulia kidogo.

Ijumaa asubuhi Zuhra akanipigia. "Kaka Salmini karudi."

Sikutembea, nilikimbia. Nikasukuma mlango. Mbele ya kompyuta kakaa mzee kijana mmoja na kofia yake ya kushona, anakunywa kahawa. Akaniangalia, akaangalia shati langu, akatabasamu.

"Mwalimu Ngassa wa Mawasiliano?"

"Ndiye."

Akasimama na kunyoosha mikono. "Aaah! Ruka! Karibu bwana, Ruka!"

Nikageuka nyuma kuangalia nani anaambiwa aruke.

Hakukuwa na mtu.

"Umeniitaje?"

"Ruka. Ruka Ngassa. Si ndivyo ulivyonitajia kwenye simu? Tena kwa R moja nzito, nikasogeza simu mbali na sikio. Nikakuuliza, Ruka, kama kuruka? Ukanijibu: ndiyo, ndiyo, hivyohivyo."

"Salmini. Mimi naitwa Luka. Hukuona kuwa Ruka si jina?"

"Mwalimu, mimi wa Kilwa. Nikisikia R naandika R. Hapa Usukumani nimeshasajili majina mpaka vidole vikauma, nikashangae Ruka?"

Miaka yote ile ya kujinyoosha ulimi mbele ya kioo. R niliyoifukuzia Dar, siku ya kutaja jina langu mwenyewe kwa kazi yangu mwenyewe, ilitangulia mbele ikakalia kiti cha L.

R. Ngassa ni mimi.

Akaandika ruka.ngassa. Akanisogezea kompyuta.

Ukurasa ukafunguka. Somo langu. Kazi za darasa zima, zimepangwa vizuri. Na kwenye kisanduku cha ujumbe, foleni haina mwisho.

Wa juu kabisa, Zuhra akausoma kwa sauti kabla sijaufunika: "Wewe ni mwizi wa vyeo na adui wa watoto wa maskini... Yallah! Mwalimu, nani huyu anakutukana hivi?"

Salmini akainama kusoma jina. "Luka Ngassa."

Halafu Salmini akaanza kucheka, akashika meza, kofia ikaanguka, hakuiokota.

Na mimi ningecheka. Lakini jicho langu lilikuwa limeshashuka chini, kwenye jina la Paskazia.

"Mwalimu, mama amelazwa huku Kishapu. Kazi nimeiandikia wodini kwa simu, samahani kama ina makosa. Sihitaji maelezo. Niambie neno moja tu: imefika?"

Ulikuwa wa zamani. Juu yake mwingine, wa baadaye: "Mwalimu, imefika?" Na mwingine.

Nikaandika neno moja. "Imefika."

Kisha nikakaa kusahihisha. Sikunyanyuka, sikula. Ndaki akachungulia, akaona hali, akavuta kiti tuingize alama kwa zamu.

"Ndaki, si ulisema R. Ngassa yuko China?"

"Si ndiyo karudi," akajibu, bila hata kuniangalia.

Alama ya mwisho iliingia jua linaanza kuzama. Muda kidogo baadaye mfumo ukajifunga. Darasa zima limo. Paskazia yumo, na kazi yake ya wodini, kweli ina makosa, lakini ilikuwa miongoni mwa zile bora.

Jumatatu niliingia darasani. Wamenuna, mikono kifuani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu ya kuomba radhi, kwa Kiswahili cha kwenye kioo. Nikaifunika.

"Habali zenu," nikasema.

Wakatazamana.

"Mimi ni Luka, mtoto wa Songwa. Kwetu R hatuna. Niliiazima mjini, ikaniibia jina, na nyinyi mkaumia. Naomba mnisamehe." Nikawasimulia yote, mpaka gari nyeupe.

Ilianza sauti moja ya kucheka, kisha mbili. Ikatulia. Paskazia akasimama, uso mkavu kabisa, akanisalimia kwa salamu ya asubuhi ya kwetu, ile ya mwangaluka.

Ila akaipindisha.

"Mwang*aruka*, mwalimu."

Darasa likalipuka. Mpaka leo ndiyo salamu yao kwangu, hata sokoni. Naitika.

Sasa nikuulize: nani alikuwa anafundisha Stadi za Mawasiliano?

Wewe unayeanza kazi mpya na mashine inakukataa, kabla hujaenda getini kutafuta adui wa gari nyeupe, iulize kwanza inakuita nani. Na siku ukiulizwa jina kwenye simu, tulia, legeza ulimi, ulitaje kama mama yako anavyoliita.