Pingamizi la Jirani Yangu

Nilizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwenye kijiji cha Wamakonde ambako karibu kila nyumba ina ndugu upande wa Tanzania. Nilipokuwa binti, shangazi yangu aliyeolewa Mbagala alinichukua nije kumsaidia kulea mtoto wake mchanga. Nilijua nitakaa mpaka mtoto aanze kutembea, kisha nirudi. Mtoto yule sasa ni baba wa watu, anaendesha lori la mizigo, na mie sikurudi. Nilisomea ualimu wa chekechea, nikapata kazi kwenye shule moja ndogo hapo hapo Mbagala, na shangazi alipofariki, watoto wake wakaniambia nibaki kwenye nyumba ya mama yao.

Miaka yote hiyo niliishi kwa kibali. Kikiisha, nakwenda kupanga foleni ya kingine. Sikuona tabu, ila siku za uchaguzi. Siku hiyo mtaa mzima unaamka mapema kwenda kupiga kura, na akina mama wananiletea watoto. "Mwalimu, kaa nao kidogo, wewe si huendi." Nakaa kibarazani na kundi la watoto, wenzangu wanarudi mmoja mmoja na vidole vyenye wino, wanabishana, wanacheka. Uchaguzi mmoja nilipomkabidhi mtoto wa mwisho kwa mama yake, niliingia ndani nikalia, nikashangaa nalilia nini. Wiki iliyofuata nikaanza kuulizia namna ya kuomba uraia.

Safari yake ilikuwa ndefu. Kuna barua za mtaa, kuna usaili, na kuna tangazo la gazetini lenye jina na picha yako, linalosema mtu yeyote mwenye sababu ya kupinga uraia wako ajitokeze. Nililinunua lile gazeti asubuhi, nikalifungua nimesimama barabarani. Sura yangu ilikuwa inanitazama kama ya mtu aliyepotea. Nikajiuliza, nani ana sababu? Moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwa jirani.

Jirani yangu ni mama wa Kipare anayeuza mchele sokoni. Aliwahi kumwaga kifusi kuinua kiwanja chake, na tangu hapo mvua ikinyesha maji yote yanakuja uani kwangu. Tuligombana, tukapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, tukagombana tena. Mwisho tukaacha kusalimiana. Tukikutana njiani, kila mtu anaangalia upande wake.

Siku mwenyekiti alipoita majirani ofisini kwake waulizwe kuhusu mimi, nilimwona jirani yangu anaingia, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini. Akakaa mbele. Kulikuwa na afisa aliyetumwa kutoka wilayani, kijana mpole mwenye shati jeupe. Watu wakasema ya kawaida: mwalimu mzuri, hana makuu, msibani anafika. Afisa akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Jirani yangu akasimama.

"Mimi ninalo la kusema," akaanza. "Mwenyekiti, huyu mwalimu mimi na yeye hatusalimiani. Unajua mwenyewe, umetusuluhisha mpaka umechoka."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, macho chini.

"Ana mdomo huyu! Mvua ikinyesha anatoka nje anapiga kelele mpaka mimi najifungia ndani. Sasa nikuulize, mwanangu," akamgeukia afisa, "mgeni anaweza kunifanyia hivyo? Mgeni ananyamaza. Mgeni anaogopa wenyeji. Huyu hajaniogopa hata siku moja. Anagomba kama mtu aliye kwao."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Afisa naye akainama kuficha meno. Lakini jirani yangu hakucheka, alikuwa bado amesimama.

"Na nilipolazwa," akasema, sauti ikashuka, "kuku wangu walikula, maua yangu yalimwagiwa maji. Alikuwa anaingia uani nikiwa sipo. Alidhani sijui. Sina pingamizi mimi. Mwandikeni."

Akakaa. Nilimtazama mgongo wake ule mpana. Miaka yote nilidhani yule mama haoni kwangu ila kosa. Kumbe alikuwa ananiona.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Asante, dada."

"Asante ya nini?" akasema. "Usidhani yameisha. Yale maji tutaongea."

Baada ya hapo nilisubiri sana, mpaka nikaacha kulizungumzia jambo hilo. Kisha siku moja simu ikaita nikiwa darasani, nikaambiwa ombi langu limekubaliwa. Nikatakiwa kuukana uraia wa Msumbiji, kisha nije kuapa.

Chumba cha kiapo kilikuwa kidogo, na feni yake inakwaruza. Tulikuwa watu wachache: mtawa mmoja Mzungu anayeongea Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, mume na mke kutoka Kongo walioshikana mikono kama maharusi, na mzee mmoja mwenye asili ya Yemeni aliyevaa kanzu iliyonyooshwa vizuri. Nilikaa karibu naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Umetoka wapi?"

Nikamweleza. Nikamuuliza na yeye.

"Mie nimezaliwa Kariakoo," akasema. "Sijawahi kutoka. Karatasi za wazee wetu zilikuwa na matatizo, nami nikazeeka nayo." Akaangalia mlango ambao hakimu angeingilia. "Leo ndiyo nafika."

Alipoitwa, aliinuka kwa shida. Nikamshika kiwiko mpaka mbele. Akainua msahafu, akaapa polepole, neno moja moja, kama mtu anayepokea kitu kinachoweza kuvunjika. Hata karani aliacha kupanga mafaili yake.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikashika Biblia. Sauti iliyotoka sikuifahamu, ilikuwa kubwa kuliko yangu. Maneno yenyewe ni machache, yanakwisha upesi, na hapakuwa na ngoma wala vifijo. Lakini nilipomaliza nilisimama pale pale, nikashindwa kurudi kwenye kiti. Nilikuwa nimeshangaa kwamba jambo kubwa namna ile linaweza kufanywa kwa mdomo wa mtu kama mimi. Hakimu akatabasamu. "Keti, mwananchi," akaniambia.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama yangu kule kijijini. Nilikuwa naogopa kumwambia. Nikamweleza yote kwa Kimakonde.

"Nikifa, watakuruhusu kuja kunizika?" akauliza.

"Nitakuja, mama. Mpaka haujafungwa."

"Basi mie nimezaa Mtanzania?"

"Umezaa Mtanzania, mama."

Kisha nikamsikia ameiweka simu pembeni, anamwita mtu aliyekuwa uani, kwa sauti ya juu, aje upesi asikie.