Majina Kumi na Mawili kutoka Lulimba

Wakati wa vita nilikuwa nashika foni pale Baraka. Foni ni redio ya kuitana mbali. Yetu ilifungwa na kompyuta moja ya zamani, na barua za poste zingine, yaani vituo vingine vya foni, zilipita hewani zikatoka kwenye mashine ya kuchapa, mstari kwa mstari. Masomo yangu yaliishia darasa la sita, lakini niliota kwamba siku moja nitaunganisha Fizi nzima, mpaka Bibokoboko kule juu kwenye ng'ombe.

Shefu wangu wa kazi alileta disike ya programu mpya kutoka Uvira. "Hii itakimbiza barua," alisema. Lakini alikuwa na sheria: kabla ya kuzima kitu, ita poste zote, ngoja kila moja ijibu kwamba haina barua njiani. Niliiweka programu ile asubuhi, peke yangu. Mwishoni ikauliza: foni bado inatembea na programu ya zamani, niisimamishe na kuiwasha upya? Nikaliacha swali pale, ili niite poste kwanza.

Ndipo Lulimba ikaanza kutuma. Vita ilikuwa imefika kule, na hii ilikuwa liste, orodha ya majina ya waliokimbilia kanisani, wazima. Yaya, dada yangu mkubwa, akaja mbio na kuinamia karatasi. Bwana yake alikuwa anachimba dhahabu Lulimba. Mashua ya Kigoma ilikuwa inaondoka saa tisa, naye alitaka kujua kama avuke na watoto au amngoje.

"Jina la tisa, na bado," alisema. "Ndiyo hii masini unajisifia nayo? Konokono iko mbele."

"Ngoja, yaya. Ile ya mupya iko mbio."

"We na bitu byako bya mupya."

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza wiki ile. Nikataka tabasamu lile likae. Na mimi nilijua kaseti: ukiisimamisha na kuiwasha, wimbo unaendelea pale ulipoishia. Nikalijibu lile swali la kompyuta: ndiyo.

Taa ya foni ikazimika, ikawaka. Mashine ikanyamaza kwenye jina la kumi na mbili.

"Lulimba, Lulimba, rudisha liste yote," nikaita.

"Baraka, siwezi. Nafungua batri nikimbie, benye vita bako karibu."

Kisha upepo tu kwenye foni. Poste ile haikujibu tena.

Yaya hakuona jina la bwana yake; aliigeuza karatasi, akaangalia hata nyuma. "Kulibakia majina ngapi?"

"Sijui, yaya."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Saa tisa, pale ufukoni, alinikabidhi watoto wake wawili na furushi la nguo.

"Enda nabo. Mi sipandi. Liste haikuisha."

"Na kama hayuko mo, ndani ya liste?"

"Na kama iko mo?"

Tulipokuwa majini, yule mtoto mdogo aliniuliza mama anakuja na mashua gani. Nikamwambia, inayofuata. Nilimjibu hivyo huko Kigoma kila mashua ilipofika, mpaka akaacha kuuliza.