Saa ilirudishwa nyuma, kengele ya mtoto ikanyamaza

Ni asubuhi. Mlango wa karakana umefunguliwa nusu, na mwanamke mwenye sweta kuukuu amekaa sakafuni mbele ya sanduku la kioo. Ndani ya sanduku, juu ya kigodoro chenye shuka safi, umelazwa mfuko wa maji ya vuguvugu uliofungwa nepi.

Mfuko huo ndio mtoto wa leo.

Anaubandua waya mwembamba uliobandikwa kwenye mfuko. Kisha anabonyeza kitufe cha saa ya mashine, anairudisha nyuma, anairudisha nyuma zaidi, halafu anakunja mikono kifuani.

"Haya, lia," anaiambia. "Lia, mwenzangu, usinitie aibu."

Mashine iko kimya. Mara kengele inapasuka, kali na ya kukera, hadi seremala wa chumba cha pili anagonga ukuta.

"We Bi Kengele! Huyo mwanao hashibi?"

"Akishiba ndipo nitakapoogopa!" anamjibu.

Anacheka, lakini anaubandika waya upya ajaribu tena. Tangu siku kengele hiyo iliponyamaza mahali isipopaswa kunyamaza, haridhiki kwa jaribio moja.

Bi Kengele ni jina alilopewa na wauguzi. Kazi yake ni kuandika programu, yaani maagizo yanayoendesha mashine za kuwapa joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Wenzake wanne hapo karakanani wanakata vioo na kuunga nyaya. Yeye anaifundisha mashine lini ilale na lini iamke.

Zamani alikuwa mpokea simu. Programu alijifunza kwenye masomo ya jioni, kifungua mimba wake akilala juu ya madawati mawili yaliyosogezwa pamoja.

"Mwanangu akisinzia, mwalimu anashusha sauti," anakumbuka. "Darasa zima tulifundishwa kwa kunong'onezwa."

Hadi leo kipato chake ni cha chumba kimoja, na jiko anachangia na wapangaji watatu. Hata hivyo, ukimuuliza kuhusu kazi anasahau kuwa anazungumza na mgeni, anaeleza kwa mikono yote miwili.

"Mashine haikodoi macho muda wote. Ikikodoa, inachemka bure. Inalala. Lakini inalala kama mzazi aliyetoka kujifungua. Lori lipite, majirani wagombane, haamki. Mtoto akikohoa kidogo tu, huyo ameshaketi."

Anasema kuna mambo matatu yanayoiamsha. La kwanza ni habari inayoingia, pale waya uliobandikwa kwenye ngozi unapoleta joto la mtoto. La pili ni habari ya kutoka, pale hita, yaani kifaa cha kupashia joto, au kengele inaposema iko tayari kupokea amri. La tatu ni muda. Dakika kadhaa zikipita bila neno lolote kutoka kwa mtoto, mashine iamke yenyewe na kupiga kelele.

"Hilo la tatu ndilo roho ya kazi," anasema. "Mtoto anayelia utamsikia. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza."

Na hilo la tatu ndilo lililoshindwa.

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Ana tabia moja ambayo ukoo mzima unaijua: hawezi kukaa na saa isiyo sahihi. Mama yao alikuwa akiitanguliza makusudi saa ya ukutani ili watoto wawahi shule. Mama akigeuka tu, dada anapanda kiti na kuirekebisha.

"Tukachelewa, tukachapwa wote," anasema Bi Kengele. "Mimi nachapwa kwa ajili ya ukweli wa dada."

Siku ile umeme ulikatika ukarudi, na saa ya mashine moja ikawa imetangulia sana. Dada akafuta vioo, akabadili shuka, akairudisha saa mahali pake. Kisha akaenda kwa wengine. Wodi ina mashine nne, na siku hiyo ilikuwa na watoto tisa.

Haukupita muda, kabla mashine haijapokea habari nyingine, waya ukabanduka kwenye tumbo la mtoto aliyekuwa ndani. Habari zikakoma kuingia. Hita ilikuwa imepumzishwa kwa kuwa mtoto alishapata joto la kutosha, ikabaki imepumzika. Kengele ilipaswa kulia.

Haikulia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha mashine hii hakikuwa na mshindo wowote. Watu walipita kando yake wakiwa na mabeseni na mashuka.

Kilichomwokoa mtoto ni desturi ya wauguzi wa wodi ile. Kabla ya kukabidhi zamu, anayeondoka hupitisha mgongo wa kiganja kwenye nyayo za kila mtoto, hata kama mashine zote zinaonyesha heri. Dada akapita, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa huyu.

"Nyayo zilikuwa baridi kama bomba la maji," anasema dada, na anapolisema anaangalia kiganja chake. "Midomo imebadilika rangi. Nikaita wenzangu. Na taa ya mashine ni ya kijani! Inaniangalia tu, kama mtu asiye na habari."

Wakamtoa mtoto na kumlaza kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakawafunika wote wawili.

"Mimi nilidhani wamenipa nimuage," anasema mama mtoto. "Hakuna aliyeniambia kitu. Nikakaza mikono. Nimekaa, nimekaa, ndipo nikasikia kitu kinanikwaruza kifuani kama kifaranga. Nikapiga yowe, wakadhani amekufa. Kumbe amefufuka."

Mashine ilirudishwa karakanani. Bi Kengele akabandua waya: ikalia. Akazima umeme na kuuwasha: ikalia. Akaitikisa, akaichemsha, akaipoza: ikalia.

"Nilipigwa na butwaa. Kwangu inalia kama yatima, kule ilipatwa na nini?"

Mwenye karakana hakuumiza kichwa. "Muuguzi kaizima kengele," alisema. "Kelele zimemchosha, kaizima." Wodini nako minong'ono ikaanza. Dada akaacha kwenda kazini, akafua sare zake, akazikunja azirudishe.

Bi Kengele alimkuta nyumbani akizipiga pasi.

"Dada, niambie tena ulichofanya siku ile."

"Nimeshasema mara ngapi? Mnataka nikiri nini? Nilifuta vioo. Nikabadili shuka. Nikarekebisha saa. Nikaenda kwa pacha wa dirishani, nikawa..."

"Ulirekebisha nini?"

"Saa. Ilikuwa imetangulia. Si unanijua?"

Mdogo mtu akashika mdomo kwa mikono miwili, akaegemea meza ya pasi.

"Wewe, vipi? Kaa chini!" dada akafoka. "Usiniangukie hapa, nina msiba wangu tayari."

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa hili. Kila ilipokwenda kulala, mashine ilitazama saa na kujiambia: ikifika saa fulani bila habari, niamke. Saa iliporudishwa nyuma, ile saa fulani ikasogea mbali. Mashine ikaendelea kuuchapa usingizi, ikiamini muda bado. Karakanani hakuna aliyewahi kuigusa saa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuliona kosa.

"Ndani ya mashine mna saa mbili," anafafanua Bi Kengele. "Moja ni ya kuonyesha watu, hiyo kila kidole kinaigeuza. Ya pili inahesabu tu muda uliopita tangu mashine iwashwe, haijui kurudi nyuma. Ni kama umri wa mtoto. Geuza kalenda utakavyo, mtoto hapungui hata siku. Mimi niliitegemea ile ya watu. Mistari miwili! Dada yangu anaitwa muuaji kwa mistari miwili niliyoandika mimi!"

Hata baada ya kuelezwa, dada hakukubali kufarijiwa.

"Lakini mkono ulioigeuza ni wangu."

"Na uliogusa nyayo je, ulikuwa wa nani?"

Dada aliinua pasi akaizima. Kisha akasema, "Na mama naye, na saa zake za uongo," wakacheka mpaka wakalia.

Bi Kengele alimweleza mwenye karakana ukweli wote. Mashine nyingine sita za karakana zilizokuwa nje ziliondolewa kwa watoto siku hiyo hiyo, na programu ikaandikwa upya. Mwenye karakana alikwenda mwenyewe kumwomba radhi muuguzi. Muuguzi alimpa kiti na maji ya kunywa, lakini kuhusu kurudi wodini akasema hapana.

Mchana wa leo ile mashine iliyonyamaza imerejeshwa, ikiwa ya kwanza. Mama mtoto yupo, amemleta mwanawe kupimwa uzito. Mtoto ana mashavu sasa.

"Huyu simrudishi humo hata mkinipa jumba," anatangaza kabla ya kuulizwa.

"Hutamrudisha, mama," anajibu Bi Kengele. "Ila kuna mwenzake anaisubiri." Anaonyesha mashine ya pembeni, isiyo ya karakana yao, ambamo watoto watatu wamepangwa kama vijiko.

Mkuu wa wodi anasema hapokei kitu mpaka akione kikilia. Bi Kengele anageukia mlangoni. Dada yake amesimama pale kwa nguo za nyumbani, ameshika mfuko wa sare. Amekuja kuzirudisha, basi.

"Dada, njoo ugeuze saa."

"Tafuta mwingine."

"Mwingine hana mkono wako."

"Unanitania mbele za watu?"

"Nakuomba. Igeuze kama siku ile."

Dada anakuja polepole, mfuko ukiwa kwapani. Anarudisha saa nyuma kwa kidole kimoja kisha anakiondoa upesi, kana kwamba kimeungua. Bi Kengele anabandua waya kwenye mfuko wa maji. Wodi inatulia. Mama mtoto anamkumbatia mwanawe kwa nguvu hadi mtoto anaguna.

Kimya kinarefuka. Mkuu wa wodi anafungua mdomo aseme neno.

Kengele inapasuka. Mtoto wa dirishani anashtuka na kulia, wa pili anamwitikia, na mara wodi nzima ni soko. Dada anajifunika uso kwa mfuko wa sare.

Bi Kengele sasa anapanga kuzipeleka zile nyingine zote sita mwenyewe, wodi kwa wodi. Tena ameapa kwamba hakuna mashine itakayotoka karakanani kabla muuguzi hajaletwa kuifanyia yote anayoyafanya kazini: kuifuta, kuisukuma, kuigombeza, kuigeuza saa. "Mimi najua inavyolala," anasema. "Wao ndio wanajua inavyoishi." Siku moja anataka kufungua darasa la jioni, lenye kona ya watoto kulala.

Mfuko wa maji unatolewa. Mmoja wa wale watatu anahamishiwa kwenye mashine iliyorudi, waya unabandikwa, kioo kinafungwa. Watu wanaanza kutawanyika.

Dada bado amesimama. Anaitazama saa ya mashine.

"Imechelewa," anasema.

Bi Kengele anajifanya anapanga vifaa vyake.

Dada anahema, anauweka mfuko wa sare juu ya kiti, anakwenda kunawa mikono. Anarudi, ananyoosha kidole na kuiweka saa sawa. Kisha anafungua kidirisha cha pembeni, anaingiza mkono, na kuuweka mgongo wa kiganja chake kwenye nyayo za mgeni.

"Ana joto," anasema.