Mpini wa Mkono wa Mama

Zamani zetu kule mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, nyumba ilikuwa na kisu kimoja tu. Hichohicho kilikata nyama ya Krismasi, kikachonga penseli za shule, kikafungua mkebe wa mafuta. Watoto wa leo wana kisu cha mkate, cha nyanya, na kingine cha kupendezesha ukuta. Chetu kilikuwa cha mama, na kukigusa bila ruhusa ilikuwa kujitafutia kichapo.

Kisha mama akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mdomo umepinda kidogo, mkono wa kulia umelegea kama si wake. Mimi, Nekesa, na dada yangu Nafula tukashika kazi za jikoni. Ugali wetu ulijaa madonge, lakini baba aliumaliza.

Jioni moja mama akavuta kigoda, akachukua mboga za sukuma wiki na kisu. Mpini ulikuwa umeoza, umebaki mwembamba kama kidole, umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kisu kikamponyoka. Akakiokota, kikaanguka tena. Akajifunika uso kwa leso.

"Baba Nekesa, mimi sasa ni wa kulishwa tu."

Baba, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka kazini kiwandani, akakiokota kisu na kuutazama mpini. Jirani alipomshauri akipeleke kisu kwa mafundi wa jua kali, wanaofua vyuma kando ya barabara kule Kariobangi, alikataa.

"Fundi hajui mkono wa mama yenu," akatuambia.

Jumapili, baada ya kanisa, alikata kipande cha mpini wa jembe kuukuu. Alikichonga kwa panga, akakiparuza kwa kigae cha chupa, na kila mara akarudi kumshikisha mama.

"Bado ni mnene," mama akasema. Kisha, "Hapa kidole hakifiki."

Mti ukafuata kiganja chake. Baba akatia mkia wa kisu, ile sehemu inayoingia mpinini, kwenye makaa hadi ukawa mwekundu, akausukuma ndani ya ule mti. Moshi ukajaa, tukakohoa sote, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Sukuma ya siku ile ilikatwa mapande kama ya kulisha ng'ombe, na giza lilikuwa limeingia mama alipomaliza, nasi sote tuna njaa. Nafula alipoinuka kumsaidia, baba alimkataza kwa macho. Tulipokula, baba akaomba aongezwe.

Mkono haukupona kabisa. Lakini mama alitupikia hadi Nafula akaolewa, hadi nami nikahama. Sasa yeye na baba wamelala kijijini kwetu Bungoma, kaburi kando ya kaburi.

Mimi ninaishi mtaa wa Kayole, ghorofa ya nne. Mama mboga, muuzaji wa mtaani, hunikatia sukuma palepale kibandani, nyembamba kama nyuzi. Chakula kikichelewa kidogo, wanangu wanaagiza chipsi kwa simu. Siwalaumu, hata mimi hula. Ila nikiwatazama hujiuliza kama kuna mmoja wetu leo angeweza kukaa na njaa yake, bila kusema neno, akimngoja mtu amalize kazi yake kwa mkono mgonjwa.