Ruhusa ya Kuchimba Kichuguu

Watu wa Lubumbashi wakiona gari la biro yetu ya urbanisme, ofisi ya mipango miji, limesimama mbele ya ukuta wao, huingia ndani mbio kutafuta karatasi za kiwanja. Siwalaumu. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano kazi yangu imekuwa kutunza ardhi na nyumba za Leta, yaani za serikali: shule, zahanati, ofisi za mtaa, na viwanja vilivyoachwa wazi tangu wakati wa Wabelgiji ili siku moja viwe soko au bustani. Mtu mwenye parsele, yaani kiwanja chake mwenyewe, huandika ukutani kwa rangi kwamba hii haiuzwi, asije akasafiri wiki mbili akarudi na kukuta mwingine anamwaga msingi. Kiwanja cha Leta hakina wa kukiandikia. Kilikuwa na mimi tu.

Nasema hivi kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu. Kuna mwanamke aliyechafuliwa jina kwa sababu ya karatasi niliyoitia sahihi mimi, na karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Nataka kueleza ilivyokuwa bila kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Alikuwa direktrise, mwalimu mkuu, wa shule moja ya msingi, upande wa barabara ya Kipushi. Mama wa makamo, sauti ya chini, mkoba wa ngozi uliochakaa pembeni ambao hakuuweka chini hata akikaa. Alikuja biro mwezi wa tano, mvua zimekwisha, na ombi aliloliandika kwa mkono. Watoto wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wanasomea chini ya turubai. Madarasa yalikuwa yameahidiwa, na ahadi za aina ile sote tulizijua. Lakini kwenye kona ya uwanja wa shule palikuwa na kichuguu, vile vikubwa vya kwetu Katanga, kirefu kuliko nyumba, kimeota miti kichwani. Wazazi walikuwa tayari kukichimba, kufyatua matofali, kuyachoma na kujenga wenyewe. Walihitaji ruhusa peke yake, kwa sababu ardhi ni ya Leta na udongo wake ni wa Leta.

"Papa, hatuombe kintu," aliniambia. "Mutupe tu karatasi, tusifungwe juu ya udongo."

Kabla ya kusaini nilipaswa kufanya jambo moja: kushuka chumba cha mafaili, kutoa plani ya zamani ya ile shule, na kutazama kuna nini kwenye kona hiyo. Mwenye ufunguo hakuwapo, alikuwa matangani. Ningengoja siku mbili tu angerudi. Badala yake nilipanda gari nikaenda kukiona kichuguu mwenyewe, na hapo ujuzi wangu ukaniponza. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi. Sisi ni Waislamu, asili yetu Maniema, na nyumbani kwetu mtoto alishika juzuu asubuhi na mwiko wa fundi mchana. Baba alinifundisha kwamba hakuna udongo wa tofali unaoshinda wa kichuguu, maana mchwa wameshauchekecha kabla yako. Basi nikachukua donge, nikalilowesha kwa mate, nikalifinya, nikalivunja. Nikawaambia wazazi waliokuwapo kwamba udongo huu utatoa tofali la kulia ukiligonga. Wakatazamana. Mtu wa biro, amevaa kravati, anajua udongo! Kichwa kikanivimba. Nilisaini palepale juu ya boneti la gari, nikagonga muhuri, nakala moja yao na moja yangu.

Walichimba kiangazi kizima. Wanaume waliotoka zamu mgodini walikuja moja kwa moja na buti zao miguuni, wanawake walibeba maji kwa madumu. Nilipita pale mara tatu, na kila mara nilikuwa na la kusema juu ya matofali na tanuru, kana kwamba kazi ni yangu. Kabla mvua hazijarudi madarasa mawili yalikuwa yamesimama na mabati juu. Siku ya kuyafungua tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa Pweto, na direktrise aliniketisha mstari wa mbele. Kwenye mlango wa darasa la kwanza fundi alikuwa ameweka kipande cha betoni, zege la zamani, kiwe ngazi, kizito, kina chuma kilichokatwa katikati. Nilikikanyaga nikiingia. Nikitoka nilisimama juu yake nikafuta udongo wa viatu vyangu.

Ilikuwa borne, jiwe la mpaka. Wapimaji wa Wabelgiji waliipanda juu ya kichuguu kwa akili nzuri kabisa, kwa sababu mti hukatwa na njia huhama lakini kichuguu hakisogei. Wazazi waliikuta waliposhusha kilele, wakaona betoni nzuri, wakaitafutia kazi. Hawakujua ni nini. Aliyelipwa ili ajue nilikuwa mimi.

Miaka minne ikapita. Akatokea mtu mwenye cheti cha kiwanja cha jirani. Alikipataje, katika mji huu swali hilo huulizwa na wageni. Cheti chake kilisema parsele yake inaingia ndani ya uwanja wa shule mpaka nyuma ya yale madarasa mawili, na kwamba shule ndiyo iliyomvamia. Ikaundwa tume: mpimaji wa upande wake, mpimaji wa upande wetu, wakili wake, direktrise, na mimi mlinzi wa mali ya Leta. Ndipo niliposhuka chumba cha mafaili. Plani ilichorwa juu ya kitambaa. Panya walikuwa wameila pembeni, lakini mistari yote ilisomeka. Pembe tatu za uwanja zilishamezwa na nyumba za watu zamani sana. Ilibaki ya nne, na kando yake mtu aliandika kwa wino, kwa Kifaransa, mwandiko wa kupendeza: borne juu ya kichuguu kikubwa. Nilikaa sakafuni katikati ya mafaili. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni, na mara tu baada ya aibu ikaja hofu.

Borne inahesabika pale ilipopandwa. Ukishaing'oa, hata uirudishe kwa kukisia, ni jiwe kama jiwe lingine. Wakili yule alilijua hilo vizuri. Siku ya tume, tukiwa tumesimama mbele ya mlango wa darasa, aliuliza swali moja tu: nani ameitoa hii mahali pake?

Direktrise akajibu bila wasiwasi. "Tulikuwa na ruhusa. Leta njo ilitupatia. Huyu papa njo alisaini."

Akaombwa aionyeshe. Nakala ya shule ilikuwa imeharibika pamoja na sanduku zima la karatasi, upepo wa mvua ulipong'oa bati la ofisi yake mwaka uliotangulia. Alieleza hayo, kisha akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Sasa niseme na hili. Asubuhi ile mkuu wangu wa kazi alikuwa ameniita. Alikuwa mtu wa utani na alilisema kwa utani, anakoroga chai. "Karatasi ile hakuna. Kama iko, weye njo ulivunja mupaka ya Leta. Na mu buloko habana bitanda." Buloko ni jela. Nina mke, nina watoto wanne, wa kwanza alikuwa anaingia chuo kikuu mwaka ule. Sitoi hayo kama udhuru, nayataja kwa sababu ndiyo niliyoyafikiria pale uwanjani, siyo kitu kingine.

Nikasema nitatafuta katika mafaili. Hayo ni maneno ya biro, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la biro anajua maana yake ni hapana. Tume ikaandika kwamba ushahidi wa ruhusa haukuonekana, na kwamba alama ya mpaka ilihamishwa na uongozi wa shule. Sahihi yangu imo chini ya maneno hayo, ya tatu kutoka juu.

Karatasi ile isingeyaokoa madarasa. Nimejiambia hivyo mara nyingi na pengine ni kweli. Yeye ingemwokoa.

Mashine ya kubomolea ilikuja siku ya masomo, kwenye saa tatu asubuhi. Watoto walihamishiwa upande wa pili wa uwanja na mwalimu akawaambia waimbe. Nilikuwapo, maana sheria inataka mtu wa biro awepo. Matofali yalikuwa mazuri kweli. Ukuta haukubomoka, ulilala chini mzima umeshikamana, na dereva akalazimika kurudi nyuma kuusaga kwa minyororo. Wazazi walisimama nje ya uzio wa miti. Hawakutukana wala kurusha jiwe. Walimtazama direktrise.

Katika mji wetu ardhi ikipotea, lazima kuna aliyeiuza. Makosa hayaaminiki hapa, na kwa haki, maana tumeuziwa sana. Kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulijua kwamba mama yule alihamisha borne kusudi, kwamba habari ya kichuguu ilikuwa njama tangu mwanzo, kwamba wazazi walibebeshwa maji na udongo ili wamfanyie mwizi kazi yake. Waliandika neno moja kwa makaa kwenye lango la nyumba yake. Akilifuta, linaandikwa tena. Kanisani benchi lake lilibaki wazi kushoto kwake na kulia kwake. Shangazi yake wa damu alipofiwa, alipeleka sufuria ya chakula msibani na haikufunuliwa.

Akaja kwangu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba wake mapajani.

"Papa, sitaki kurudishiwa nyumba za masomo. Ile ilisha kufa. Unipe tu karatasi ile, ao uandike ingine, niisome mbele ya bazazi ya batoto. Basikie kama hapana mimi njo niliuzisha."

"Mama, mafaili ni mengi. Unipe siku. Uje kazi moja."

"Kazi moja asubui?"

"Jumatatu asubuhi, mama."

Akanishukuru. Alinishukuru kwa mikono miwili, akainama kidogo, mtu aliyenizidi umri. Droo iliyokuwa na ile karatasi ilikuwa inagusa goti langu.

Jumatatu hiyo nilijiandikia safari ya kikazi ya siku tatu kwenda Kipushi, kuhesabu madirisha ya nyumba moja ya Leta isiyokaliwa na mtu. Madirisha kumi na moja, manne hayana vioo. Hakuna aliyeyataka mahesabu hayo. Niliporudi, mlinzi wa mlango aliniambia kuna mama alikuja kabla ya biro kufunguliwa, akakaa kwenye benchi la korido mpaka inafungwa. Jumanne pia. Jumatano hakuja. Baadaye nikasikia shule imepata direktrise mwingine na yule wa kwanza amehamia Kasomeno, kwa dada yake.

Baba alipenda kusema mficha maradhi, kilio humuumbua. Baba, Mungu amrehemu, hakunieleza itakuwaje maradhi yakiwa ya mmoja na kilio kikiwa cha mwingine.

Mwaka huu mkuu wangu alistaafu. Hapakuwa tena na mtu wa kunitisha, na nilipoona bado naogopa nikakasirika, nikaichukua karatasi nikapanda gari la kwenda Kasomeno. Nilimkuta mbele ya nyumba ya dada yake, anauza chumvi na samaki wakavu juu ya meza fupi. Amekonda. Alinitambua kabla sijashuka, na wala hakunifukuza. Aliagiza kiti, akaagiza maji ya kunywa, akaniuliza habari za nyumbani mmoja baada ya mwingine, kama mgeni anavyopaswa kuulizwa. Ningependa angenitukana.

Nikampa karatasi. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaisoma yote, mpaka maneno ya ndani ya muhuri.

"Ilikuwa wapi?"

"Mu tiroir ya meza yangu."

"Siku ile nilikaa mbele yako, ilikuwa mule?"

"Ilikuwa mule."

Alivua miwani. Mteja akaja, akampimia chumvi, mteja akaenda. Kisha akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia.

"Miye najua sikuuzisha. Hapana mimi njo wa kuonyesha. Uende ku nyumba ya masomo, usomee bazazi na kinywa yako."

Nikamwahidi. Aliniangalia kidogo, akasema sawa, akaanza kupanga samaki wake.

Wazazi wa shule ile hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwezi uliopita nilikwenda, karatasi iko mfukoni mwa koti. Sikufika ndani. Getini nilikutana na mama mmoja aliyekuwa anaingia, akanitambua, akanisalimu kwa heshima, papa wa urbanisme, karibu sana. Tukasimama kidogo. Akaniuliza, mimi mtu wa biro ninayejua mambo, kama nimewahi kusikia yule mwizi alikimbilia wapi. Nikamjibu sijui.