Aliyeshika Mlango wa Lifti

Baba mkwe wangu aliendesha lifti ya jengo refu kuliko yote mjini, mpaka walipoleta hii inayojiendesha. Hata nyumbani hapiti mlangoni kabla yako. Ataubana kwa kisigino, asubiri upite, macho chini. Siku tulipowatembeza watoto mjini alikuwa bendera fuata upepo: tukisema sanamu, sanamu, tukisema bustani, haya. Alitembea nyuma yetu, mikono mgongoni, kama mtu aliyekodiwa kubeba vitu. Lakini tulipoingia kwenye lifti ile, miguu ilimpeleka yenyewe penye vitufe, na watu wasiomjua wakaanza kumtajia ghorofa zao. Akawabonyezea wote, mmoja mmoja, kwa kidole gumba. Mke wangu akatazama pembeni.

Juu kabisa watoto walikimbilia madirishani. Yeye alibaki ndani, kiganja kikizuia mlango, kengele ya lifti ikilia. "Baba, njoo basi uuone mji," mke wangu akamwita. "Mji nimeuzoea, mwanangu. Nyie tazameni, mlango nimeushika." Wakati wa kushuka alisimama uso karibu ugusane na mlango, kama alivyosimama miaka yote ya kupandisha watu na kuwashusha tena. Tulipokaribia chini akaniinamia, akaninong'oneza ili binti yake asisikie: "Mkwe, hivi kule juu, nyumba yetu inaonekana?"