Kopo la Bledi za Mapengo

Nimeuza vifaa vya useremala kwa muda wa kutosha kuona kila uchafu ambao mteja anaweza kuuingiza dukani. Wapo wanaofutia gundi kwenye kaunta yangu. Wapo wanaotema mate mlangoni wakisubiri chenji. Yupo aliyeijaribu patasi mpya kwa kukatia kucha za miguu, kisha akanirudishia akisema haina makali. Lakini hakuna aliyewahi kunichefua kama fundi mmoja mwembamba, mwenye shati lililokula vumbi mpaka hakuna ajuaye lilianza na rangi gani, ambaye mtaa mzima unamwita Ulimi.

Jina hilo hakulipata kwa kusema sana. Ulimi analamba bledi.

Bledi zenyewe si za kunyolea. Ni za msumeno wa nakshi, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Zinafungwa kwenye mashine inayozipandisha na kuzishusha kama sindano ya cherehani, na fundi anausukuma ubao polepole mpaka yatoke maua, majani, miduara iliyoshikana, chochote kilichochorwa. Meno yake ni madogo kiasi kwamba mwenye macho mabovu ataona waya tu. Mafundi wengine huyapima kwa ncha ya kidole. Ulimi hawezi. Gundi, vanishi na msasa vimevifanya vidole vyake vigumu kama soli. Anaweza kushika sufuria ya moto huku akitafuta pa kuiweka bila haraka. Kwa hiyo anatumia kilichobaki laini. Anachomoa bledi kwenye paketi, anaipitisha kwenye mdomo wa chini, halafu ulimini, upande huu, upande ule, macho kayafumba kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akiridhika anaiweka pembeni. Asiporidhika anairudisha kwenye paketi yangu pamoja na mate yake.

"Fundi, hiyo nitamuuzia nani sasa?"

"Yeyote, dada. Hiyo mbovu. Mtu anayenunua mbovu haulizi imepita wapi."

Na kinachoudhi zaidi, huyo huyo ana kinyaa kuliko watu wote ninaowafahamu. Kinyaa chake ni cha mbao. Akiona meza iliyozibwa nyufa kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi, uso unamkunjamana kama kalishwa sabuni. Anauita ugoro. Siku alipopelekwa kujitambulisha kwa wakwe, wazee wamekaa, soda zimefunguliwa, yeye akainuka akaenda kuchungulia nyuma ya kabati la mama mkwe. Aliporudi kwenye kiti akasema, "Mbele pazuri. Nyuma pamechanika kama mdomo wa mbwa mgonjwa." Mkewe alinisimulia hayo mwenyewe, na akaniapia kwamba mpaka leo mama yake hajawahi kumkaribisha mkwe huyo ndani zaidi ya sebule.

Kabati lile lilikuwa limetengenezwa na kaka wa mkewe. Huyo tunamwita Poda, kwa sababu hakuna siku utakayomkuta bila poda shingoni. Poda ana karakana kubwa, feni, na kiti cha kuzunguka. Alimchukua shemeji yake kazini akamweka kwenye msasa. Ulimi alipiga msasa kazi za watu kwa miaka, akameza vumbi lao, mpaka siku alipoambiwa azibe nyufa za kitanda cha mteja kwa ule ugoro. Alikataa, akautupa mkebe wa gundi barabarani, akaondoka. Tangu hapo anafanya kazi kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga, na mashine aliyoinunua chakavu, inayotetemeka mpaka vyombo vya jirani vinagongana kabatini.

Kazi za kibaraza ni nyembamba kama bledi zenyewe. Leo fremu ya picha, kesho kibao cha jina la duka. Mkewe alianza kuchoka, na simlaumu. Huwezi kuishi na mtu ambaye vumbi lake linakufuata hadi kwenye uji, halafu hata huo uji ni wa kubahatisha. Akamwambia wazi: kazi kubwa isipopatikana safari hii, unarudi kwa kaka.

Kazi kubwa yenyewe ilikuwa ya ukumbi wa mikutano uliokuwa unajengwa. Kila dirisha lilitakiwa kuwekewa ubao wa nakshi, na madirisha yalikuwa mengi. Mkandarasi aliwapa mafundi wawili, Poda na Ulimi, mchoro mmoja na ubao wa aina moja kila mtu, mgumu, mnene kama kidole gumba. Atakayekata vizuri zaidi anachukua madirisha yote. Poda alifurahi kupita kiasi. Kwenye kikao cha familia, mbele ya shangazi na watoto, alimpiga Ulimi begani na kumwambia, "Shemeji, usiogope. Ukishindwa, msasa wako bado nimekutundikia msumarini."

Watu wakacheka. Ulimi hakucheka. Mkewe anasema alilifuta bega lake kama ametuliwa na inzi wa chooni.

Poda ndiye aliyetangulia kufika dukani kwangu. Alisimama mbali na kaunta ili asichafue suruali.

"Dada, nataka zile nyembamba kuliko zote. Zenye meno mengi."

"Zipo. Lakini hizo si bei ya mboga."

"Kwani nimekuuliza bei? Nipe zote. Nyembamba zaidi ndiyo safi zaidi, hata mtoto anajua."

Zile nyembamba kuliko zote kazi yake ni vibao vyembamba, vya unene wa kifuniko cha daftari. Hakuuliza, na mimi sikuombwa ushauri. Nilifunga paketi, nikapandisha bei kidogo kwa ajili ya ile poda iliyokuwa inanipalia, akalipa bila kubishana. Mteja asiyebishana sijawahi kumheshimu.

Alasiri hiyo akaja Ulimi. Akatazama kwenye kisanduku cha bledi, akakiinamisha, akakitikisa.

"Ziko wapi?"

"Shemeji yako kazibeba."

"Zote? Hata zile za saizi ya kati?"

"Za kati ziliisha tangu mwezi uliopita. Agiza, nikuletee."

"Niagize nini na ubao unatakiwa wiki hii? Unataka nikate kwa meno yangu?"

"Yangekuwa safi ningekuruhusu."

Hakuwa na hali ya utani. Macho yake yalizunguka rafu zote, yakashuka chini, yakatua kwenye kopo la maziwa lililosukumwa nyuma ya mizani. Lilikuwa na bledi zilizorudishwa. Wateja hununua bledi kwangu, wanakwenda nazo nyumbani, wanarudi wananifokea kwamba zimeng'oka meno. Jino lipo, pengo, jino lipo, pengo. Nilikuwa nimechoka kubishana, nikawa nabadilisha na kuzitupia zile mbovu humo. Kopo lilikuwa limeingiwa na mafuta ya bawaba, na nilipolimimina kwenye gazeti alitoka pia mende mkavu mmoja na mabaki ya mwenzake.

Ulimi alimpuliza mende pembeni, akachukua bledi ya kwanza, akaifuta kwenye suruali.

"Fundi. Hapana."

Akailamba.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kununua kitasa. Alishika mdomo akasema, "Jamani! Huyu ana akili timamu?" Akaacha kitasa, akatoka, na nilimsikia anakohoa huko nje kama anayetaka kutapika. Mauzo yakapotea hivyo.

"Umeniondolea mteja!"

"Atarudi. Mlango bila kitasa anaupeleka wapi?" Alikuwa ameshika bledi ya pili. "Dada, hivi nani kakwambia hizi ni mbovu?"

"Zina mapengo. Tazama mwenyewe."

"Mapengo yametoka kiwandani. Yamewekwa makusudi." Alinisogezea bledi karibu na pua, inang'aa mate na mafuta, nikarudi nyuma. "Ubao mnene una unga mwingi. Meno yakibanana, unga unakosa pa kupita. Unajaa, bledi inapata moto, inaunguza ubao, halafu inapinda katikati kama mlevi. Pengo ndiyo njia ya unga kutokea. Umezitupa bledi nzuri kwenye kopo la mende."

Nilijisikia vibaya, si kwa sababu ya mende. Kwa muda wote ule nilikuwa nawabadilishia watu bure mali nzima.

Hata hivyo hakuzichukua tu. Alizilamba zote. Meno ya bledi za namna hii hukatwa kwa kugongwa na mashine kiwandani, akanieleza kati ya moja na nyingine, upande mmoja unabaki unakwaruza, na huo upande huuvuta ubao. Fundi akiujua mvuto wake, anaupindisha ubao kidogo na mstari unakaa sawa. Akichanganya zinazovuta sana na zinazovuta kidogo, mkono unapotea katikati ya ua. Kwa hiyo alikuwa anatafuta ndugu wa tumbo moja: mapengo sawa, mkwaruzo sawa. Midomo yake ikawa myeusi kwa mafuta. Mara akatema kitu kwenye kiganja, akakikagua, akakipangusa.

"Bawa," akasema.

Nikageuka nikatazama ukuta.

Alipomaliza, fungu alilolitaka lilijaa ngumi moja, na lile alilolikataa lilikuwa kubwa.

"Hizi ngapi?" akauliza.

"Bei ya mpya."

"Dada! Nimezitoa kwenye kopo la mende!"

"Ndiyo, na umenieleza mwenyewe kuwa ni nzuri. Ungenyamaza ungelipia bei ya mende."

Alinitazama kwa hasira, halafu kicheko kikamtoka puani. Tukavutana. Mwishoni alilipa kidogo chini ya bei ya mpya, na nikamlazimisha aoshe zile alizozikataa kwa mafuta ya taa mbele yangu, moja moja, kabla hajavuka kizingiti.

Siku ya kukagua nilikuwapo kwa mambo yangu. Nilikuwa napeleka bawaba za milango ya ukumbi ule. Mkandarasi alikuwa mnene, anajichokonoa sikio kwa ufunguo wa gari na kuutazama kila anapoutoa. Mbao mbili ziliegemezwa ukutani. Wa Poda ulikuwa unawaka kwa vanishi. Wa Ulimi ulikuwa mweupe, haujapakwa chochote, umetoka tu kwenye gunia la mchele.

"Huu ndio ubao," mkandarasi akasema mbele ya ule wa Poda. Miduara ilifuata mchoro barabara. Poda akajipepea kwa kitambaa.

"Ugeuze," Ulimi akasema.

"Nigeuze nini?"

"Dirisha lina watu ndani na watu nje. Au wa nje hawana macho?"

Mkandarasi akaugeuza. Kwa nyuma, miduara ile ile ilikuwa imevimba, mingine imelegea kama mdomo wa mfuko wa zamani. Bledi nyembamba zilikuwa zimepinda ndani ya unene wa ubao; mbele zinafuata mstari, nyuma zinakwenda zinakojua. Kuta za matundu zilikuwa za kahawia, zimeungua. Palipozidi kuharibika pamejazwa ugoro, na juu yake vanishi nene kufunika harufu. Mkandarasi alibonyeza kwa ule ufunguo wake, na kipande kikadondoka miguuni mwa Poda kama ukoko.

Nilikuwa nimekula vizuri asubuhi ile na nikajutia. Ni kazi ya mtu mwenye feni na kiti cha kuzunguka.

Wa Ulimi walipougeuza, sikuweza kusema upi mbele na upi nyuma.

Mkandarasi akaurudisha ufunguo sikioni. Akajichokonoa. Kisha akasema jambo lililonitia kichefuchefu kuliko mende.

"Ukataji, huyu. Lakini mimi siwezi kumpeleka mtu wa namna hii mbele ya wenye ukumbi. Nimesikia habari zake. Tufanye hivi: kazi iandikwe kwa Poda, yeye ana karakana, anajua kuongea. Wewe fundi utakuwa unamkatia."

Rangi ikamrudia Poda usoni. "Shemeji, umeona? Tumepata wote! Hata msasa hutashika, utakaa kwenye mashine tu."

Ulimi akaenda ukutani. Aliuchukua ubao wake, akaurudisha guniani, akaufunga kamba bila haraka, akautia kwapani na kutoka. Pale mlangoni mwendo wake ulipungua. Mimi niliona, nilikuwa nimeinama kwenye bawaba. Alijua nyumbani kuna nini. Lakini hakugeuka.

Mimi nimeishi kwa kuvutana bei, na ninajua mtu anayeondoka ili aitwe na mtu anayeondoka kweli. Mkandarasi naye alijua. Alitazama mgongo unaokwenda getini. Alitazama mgongo wa ule ubao wa Poda. Akahesabu madirisha kwa macho.

"We fundi!"

Ulimi yuko getini.

"Fundi, subiri basi!"

Akafika barabarani. Mkandarasi akatoka juani na tumbo lake, anakimbia, ufunguo bado mkononi. Nilisogea mlangoni kusikiliza, kwani bei ya watu wengine nayo ni shule. Poda akabaki ndani peke yake, anajaribu kubandua vanishi iliyomganda vidoleni.

"Iandikwe kwa jina lako," mkandarasi akahema. "Jina lako peke yako. Haya?"

"Na huyo asikanyage kwangu."

"Asikanyage."

"Na malipo nachukulia mkononi mwako."

"Sawa, sawa. Rudi basi tuandikiane."

Ulimi alishusha gunia, akalisimamisha kwenye kiatu ili lisiguse matope. Akamtazama mkandarasi kuanzia sikioni mpaka kwenye ufunguo, na uso ukamkunjamana.

"Kwanza unioneshe mbao za madirisha yaliyobaki," akasema. "Huu ulionipa ulikuwa mbichi, unanuka mkojo wa paka. Sitii mashineni mwangu takataka."